Sajini na Majina ya Matutani

Nilianza kumchunguza Sajini kwa sababu ya muhogo wake. Shamba lake lilipakana na shule ya msingi niliyokuwa nikifundisha kule Koboko, na kila asubuhi kabla ya kengele nilimsikia akilima huku akiongea peke yake. Mwanzoni nilidhani anasali. Baadaye nikadhani akili zimeanza kumruka, maana alikuwa akitamka neno moja, anapiga jembe, anainua tuta, anasogea hatua mbili, kisha anatamka jingine. Mimi ni mtu wa udaku, sifichi, na walimu wenzangu walishanionya kwamba pua yangu itaniponza. Siku moja nikajifanya nimeangusha kalamu karibu na ua wake, nikainama na kutega sikio. Yalikuwa majina ya watu.

Kila tuta lilikuwa na mtu wake. Alikwenda hivyo mpaka jina la arobaini na moja, halafu anaanza tena mwanzo wa mstari mwingine. Akifika kwenye jina la kumi na tisa alikuwa ananyoosha mgongo, anasimama kidogo, kisha anaendelea. Nilipomuuliza ni akina nani, alinitazama kama ninayeuliza jua ni nini.

"Kampani yangu," akasema. "Ile watu ya kujitolea."

Alizaliwa lini na katika ukoo gani, hayo waulizeni watoto wake. Mimi namjua kama jirani, kwanza Koboko, kisha ng'ambo ya mpaka tulipokuwa wakimbizi, kisha Awindiri mjini Arua. Watu wote walimwita Sajini, hata imamu, hata mkewe. Alikuwa amepigana katika vita vile vikubwa vya Wazungu, katika kikosi cha askari wa miguu ambacho, kwa maneno yake na kwa maneno ya kitabu kimoja nilichokisoma kwenye maktaba ya chuo cha ualimu, kiliundwa na watu waliojitolea wenyewe, kila mmoja kwa hiari yake.

Alipenda mistari. Viatu vya wageni wake havikulala ovyo mlangoni. Ukivua chako kikaenda kombo, alikiinua kwa fimbo na kukipanga na wenzake. Vikombe vilikaa kwa mstari, kuni zilikaa kwa mstari, na watoto wa mtaa walipokuja kuomba maembe aliwapanga kwa urefu kabla ya kuwapa. Ni kuku tu waliomshinda. Nilimwona siku moja akiwafuata na ufagio, akiwaamuru wasimame watatu watatu, na alipogundua ninamtazama akajifanya anafagia.

Jambo jingine lililonishangaza ni chakula chake. Kilipikwa kwenye chungu cha peke yake, bila hata chembe ya chumvi. Mkewe alilalamika mpaka akachoka. "Huyu mutu nakula kama mugonjwa," aliniambia, "na ugonjwa hapana." Nilidhani ni miiko ya jeshini, au tumbo. Nililiweka akilini pamoja na maswali mengine, na nilikuwa nayo mengi.

Kuhusu vita vyenyewe hakusimulia kama wazee wengine waliovaa kofia za zamani na kuua maadui kumi kila Jumamosi sokoni. Ukimuuliza habari za Burma alikuambia habari za miguu. Alisimulia soksi zilizooza ndani ya buti, na mvua iliyonyesha mpaka tumbaku ikaota ukungu mfukoni. Alisimulia nyumbu waliobeba mizinga midogo mgongoni, waliokatwa nyuzi za sauti kooni wasilie njiani wakasikika, na ambao nyasi zilipokwisha walilishwa majani ya mianzi. Alimpenda nyumbu mmoja kuliko maafisa wote aliowahi kuwapigia saluti. Nikimuuliza, "Na risasi, Mzee?" alijibu, "Iko pia," kama anayenieleza kuwa kule kulikuwa na mbu.

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyopatana. Alisema Mwingereza aliwadanganya, na hapohapo anang'arisha bizimu la mkanda wake kwa majivu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Alijisifu kuwa alijitolea, lakini wanawe watatu aliwakataza jeshi kabisa, na hii ilikuwa Koboko ya miaka ya sabini, ambapo karibu kila nyumba ilikuwa na mtu kambini na mabati mapya juu ya paa. Watu walimcheka kwamba mzee anawanyima watoto wake ulaji. Nilimuuliza mbele ya mkewe kwa nini yeye aliweza kwenda na wanawe wasiende. Akasema, "Mimi nilijua nakwenda wapi." Sikuelewa jibu hilo.

Mwaka wa sabini na tisa serikali iliyotegemea askari wa kwetu ikaanguka, na mwaka uliofuata mtu kuwa askari, au kuwahi kuwa, au kuwa na ndugu aliyekuwa, likawa jambo la kukutoa roho. Hapo ndipo majina yale yalipotaka kumuua Sajini. Wakati ule alikuwa ameyaandika pia kwenye daftari la shule, jina, namba, cheo, na safu ya mwisho iliyosema kila mtu yuko wapi. Askari vijana walioingia kupekua nyumba walilikuta chini ya godoro. Mimi nilikuwa dirishani mwa darasa tupu, hatua thelathini tu kutoka pale, na niliyasikia yote.

"Hawa watu wako wapi?" akauliza afisa wao, kijana mwenye sauti ya kike.

"Wengi iko Burma, afande."

"Burma iko upande gani wa mpaka?"

"Mbali, afande."

"Walivuka lini?"

"Zamani, afande."

"Kamanda wao nani?"

Sajini akafikiri, maana hakuzoea kusema uongo mbele ya cheo. "Kamanda ilikufa. Sasa mimi ndiyo nabaki."

Walimkalisha juani tangu saa tatu asubuhi, mikono kichwani. Kila alipojibu alizidi kujichimbia. Niliogopa kutoka, na sina la kujitetea, niliogopa tu. Aliyemwokoa alikuwa mpishi wao, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuja kuangalia kuna nini. Alichuchumaa mbele ya Sajini akamuuliza kule Burma mizigo ilibebwa na nini.

"Nyumbu."

"Ilikula nini?"

"Majani ya mianzi."

Mpishi akacheka kwa sauti. Baba yake alikuwa amemsimulia habari zilezile, akamgeukia afisa na kumwambia kwamba majeshi haya yalikufa kabla afisa hajazaliwa. Wakamwachia mzee, lakini daftari wakalitupa kwenye moto wao wa chai. Jioni ile Sajini akaja kwangu, midomo imepasuka kwa jua. Hakutaka maji kwanza. Alitaka nihesabu kwa vidole wakati yeye akiyataja. Yakaja arobaini. Jasho likamtoka kama mtu mwenye homa. Akaanza upya, polepole, na safari hii yakatimia arobaini na moja, ndipo akanywa maji.

Nikamwambia niyaandike upya usiku uleule nyumbani kwangu. "Hapana," akasema. "Karatasi imenipeleka juani. Sasa iko kwa kichwa."

Baada ya miezi michache tulikimbia sote kuelekea Zaire. Kundi letu lilikuwa la wanawake, watoto na wazee, na Sajini alijifanya mkuu wetu bila kuchaguliwa. Kila tulipovuka kijito alitusimamisha. "Kwanza hesabu watu!" Mama mmoja aliyebeba mapacha akamfokea kwamba risasi zinasikika nyuma na yeye anacheza shule. Sajini akahesabu. Kijito cha tatu tukawa tumepungua mmoja, akarudi peke yake, na akamkuta bibi aliyekuwa amekaa chini ya kichaka akikusudia kufia hapo. Alimleta mgongoni huku bibi akimtukana matusi ya kila aina. Tangu hapo hakuna aliyelalamikia hesabu.

Kule ukimbizini, kwenye kipande cha shamba la kuazima, alilima matuta na kuwataja watu wake palepale. Wenyeji walidhani ni uchawi wa kuotesha muhogo, na wawili watatu wakaja kwa heshima kumwomba awafundishe.

Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, nyumba zetu za Koboko zilikuwa zimebaki kuta. Mimi nikapata kazi shule ya Arua, na yeye akaja kukaa kwa binti yake Awindiri, ua wa pili kutoka kwangu. Mkewe alikuwa amefia Zaire. Shamba lilikuwa dogo, matuta kumi na mawili tu, kwa hiyo ilimbidi apite mara tatu na kitu ili watu wote wapate nafasi. Kisha asubuhi moja akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi, sura ya mtu aliyefiwa.

"Mwalimu, leo imekuja thelathini na nane tu."

"Yatarudi, Mzee. Keti kwanza."

"Nimepita mara nne. Leta karatasi."

Nilifurahi, na furaha hiyo naionea haya kidogo, kwa sababu yeye alikuwa anaumia. Nikafungua daftari jipya, nikachora safu za jina, kijiji, na mahali alipo. Halafu, kwa ule udaku wangu, nikaongeza safu ya nne, aliingiaje jeshini. Sajini aliitazama safu ile kwa muda mrefu. Tukaanza. Kwa kila mtu, kwenye safu ya nne, alisema neno moja, "Alijitolea." Nikaandika alijitolea mara thelathini na nane, na ndani ya wiki mbili mengine matatu yakamrudia, nao walikuwa wamejitolea.

Mtu wa kumi na tisa, yule wa kunyoosha mgongo, aliitwa Duku. Alifariki kwa homa kwenye bonde moja la mvua kule Burma, na Sajini mwenyewe ndiye aliyemchimbia kaburi. Mke wa Duku alikuwa bado hai, huko Dranya, upande wa Koboko, akilima simsim, yaani ufuta. Sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi. Wakati mumewe anaondoka alikuwa msichana mwenye mimba ya miezi minne. Alimzaa binti, akamlea, akamwoza kijiji cha Omugo. Shemeji zake walitaka kumrithi kama ilivyo desturi, akawafukuza kwa mchi. Alisema yeye ni mke wa mtu aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe, na miguu iliyoondoka yaweza kurudi.

Kila mwaka baada ya mavuno Sajini alikwenda kumwona. Nilifuatana naye mara tatu, kisingizio changu kikiwa kuhakikisha majina ya vijiji. Kila mara mambo yalikwenda vilevile. Haboba alitandika mkeka, akatuletea simsim ya kukaanga, akauliza habari za watoto wote, halafu akauliza lile swali.

"Shemeji. Ile mutu alijitolea?"

"Alijitolea, shemeji."

"Kwa moyo yake?"

"Kwa moyo yake."

Basi hapo Haboba alianza kumsema marehemu. Mwanaume gani anaacha mke na mimba akafuate nyumbu? Mwanaume gani anapenda buti kuliko mtoto? Aliendelea mchana mzima, na Sajini alikaa kichwa chini akipokea matusi ya mwenzake. Mimi niliumia. Niliona mama mzee aliyeachwa, anayetamani mara moja tu aambiwe kwamba mumewe hakutaka kwenda, kwamba alichukuliwa. Nilijiona najua anachotafuta. Nilikuwa mwalimu wa historia, na niliamini ukweli ukipatikana utamponya.

Nikautafuta. Binti wa Haboba aliniambia kwamba Omugo kuna mzee aliyepigana pamoja na baba yake. Nikalitazama daftari, nikamkuta, namba thelathini na tatu. Nikamfuata Jumamosi moja. Alikuwa kipofu, mcheshi, amekaa mbele ya duka la mjukuu wake akinywa pombe ya kwete kwa mrija. Nikamsomea alichosema Sajini juu yake. Akacheka mpaka kwete ikampalia.

"Kujitolea? Mimi? Mwalimu, mimi nilikwenda kuchukua chumvi!"

Akanieleza. Mwaka ule chumvi ya dukani ilikuwa imepotea kabisa. Watu walichuja majivu ya majani ya mtoni ili mboga zilike. Ikapigwa ngoma kwamba kwenye baraza la chifu Koboko chumvi itagawiwa. Wanaume wakaja kutoka kila upande. Walikuta kamba imefungwa kwenye vigingi viwili, na ng'ambo ya kamba kuna meza, Mzungu, karatasi, na gunia la chumvi. Anayetaka chumvi avuke kamba, apimiwe kikombe kimoja, aweke kidole kwenye wino. Waliovuka hawakurudi upande wa pili. Jioni waliambiwa kuwa wamejitolea.

"Na mlipotoka vitani, kwa nini hamkusema?"

"Tuseme nini?" Sasa hakuwa akicheka. "Kwamba Mzungu ilininunua na kikombe ya chumvi? Mimi nilirudi na medali. Watu nasimama wakiniona. Wewe ungesema?"

Nilirudi Awindiri nikiwa na habari moto mdomoni. Sajini alikuwa uani akisuka kamba za kitanda. Sikumsalimu hata vizuri. Nikamwambia nimejua habari ya chumvi, kwamba Duku hakumwacha mkewe, alitegwa kama samaki, na kwamba keshokutwa naenda Dranya kumwambia Haboba apate kupumzika. Nilimlaumu pia. Nilimwambia amemwacha mjane amchukie mumewe miaka zaidi ya arobaini kwa uongo.

Hakuacha kusuka. "Ile siku, nani ilimutuma Duku kwa chumvi?"

Nikaweka mkoba chini.

"Mutu iko na mimba. Mboga ya majivu namutapisha kila siku. Asubuhi namwambia bwana yake, nenda baraza, niletee chumvi. Yeye nakwenda. Sasa wewe mwalimu, nenda. Mwambie hapana kujitolea. Mwambie ilikwenda kwa sababu ya chumvi yake."

Nikaketi kwenye kigogo. Nilikuwa nimemsoma Haboba kinyumenyume. Hakuwa akiuliza ili asikie kwamba mumewe alilazimishwa. Alikuwa akiuliza ili asikie kwamba si yeye aliyemuua. Zile hasira za mchana mzima zilikuwa nafuu yake.

Sajini alivuta kamba, akaifunga fundo, akasema bila kuniangalia. "Mimi tu nilijitolea. Nilitaka buti. Nilifika jana yake, wakanipa kazi. Kikombe ilikuwa kwa mkono yangu, mimi ndiyo napima. Duku naniuliza, hii iko bure? Namwambia, iko bure. Mimi nilijua, Mwalimu. Nilijua, na napima tu. Alitaka kupeleka nyumbani kwanza, wakakataa. Tukafunga kwa jani, mutoto wa jirani akaibeba. Chumvi ilifika, mwenyewe hapana."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama ndiyo sababu hali chumvi. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Hapana. Iko presha. Daktari wa jeshi alikataza." Mpaka leo sijui kama nimwamini. Jioni ile nilichukua penseli, nikaandika kwa herufi ndogo karibu na jina la Duku, chumvi. Kwa wino sikuthubutu.

Mwaka uliofuata, katika ile miaka ya mwanzo ya tisini, Sajini akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na maneno yakawa hayatoki ila sauti. Niliyasoma majina kwa niaba yake asubuhi, nikiwa nimesimama kati ya matuta yale kumi na mawili kama kichaa, naye ameketi kitini akitikisa kichwa. Nikiruka moja, aligonga fimbo chini.

Mavuno yalipokwisha akaanza kuonyesha kwa mkono wa kushoto upande wa Koboko. Bintiye alisema hawezi safari. Akaendelea kuonyesha. Tukapata nafasi kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa simsim, tukamkalisha mbele na mito miwili, na tulifika Dranya saa sita mchana.

Haboba alikuwa amekonda. Alitoka akishikilia ukuta, akamwona Sajini anavyobebwa, akasema, "Shemeji, wamekuvunja," na akalia kidogo bila kujificha. Akatandika mkeka. Simsim ikaja. Aliuliza habari za watoto wote, mmoja mmoja, na mimi na binti wa Sajini tukamjibu. Nilijua kinachofuata.

"Shemeji. Ile mutu alijitolea?"

Sajini akafungua mdomo. Ikatoka sauti kama ya mtu anayeinua mzigo. Akajaribu tena, mshipa ukamtoka shingoni, mate yakamchuruzika. Akapiga mkeka kwa ule mkono mzima. Haboba alingoja. Sajini akanigeukia mimi, na sijawahi kuombwa kitu na mtu yeyote kama nilivyoombwa na macho yale.

Haboba naye akanigeukia. "Mwalimu, wewe uliandika. Soma."

Nikatoa daftari kwenye mkoba. Nilifungua mahali penyewe, namba kumi na tisa, Duku, Dranya, Burma. Neno la penseli lilikuwa pale, kando ya lile la wino. Nilikuwa nimewachapa watoto wa watu viboko kwa kuruka kilichoandikwa. Nikaweka kidole chini ya mstari, kama tunavyowafundisha darasa la kwanza, nikasoma kwa sauti ya kusikika.

"Alijitolea."

"Kwa moyo yake?"

"Kwa moyo wake, Haboba. Imeandikwa."

Alikitazama kidole changu kwa muda, ingawa hakujua kusoma. Nilingoja matusi. Hayakuja. Akakunja miguu, akavuta kanga yake magotini.

"Ile mujinga," akasema taratibu. "Na mimi nilimwambia arudi mapema."

Baadaye aliingia ndani, akarudi na bakuli la ugali na mboga zenye chumvi, akaketi upande wa kulia wa Sajini, ule uliokufa. Akamega tonge, akalipoza kwa kulipuliza, akamlisha kwa mkono wake. Naye Sajini akala mpaka bakuli likaisha.